NANI ALIWAPA KIBARAZA? Sanamu kubwa zilizoanzia kwenye nafasi ndogo

Leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Leo nina umbea wa zamani, umbea wa historia, na ukiusoma mpaka mwisho hutapita tena mbele ya sanamu ukapiga selfii tu ukaondoka.

Swali lenyewe jepesi. Hivi mtu anayesoma sanaa, analala kwenye geto la futi kumi kwa kumi, kitanda kimekula nusu ya chumba, anatengenezaje sanamu ndefu kuliko yeye mwenyewe? Na akishaimaliza, anaipitisha mlango gani? Anaionyesha wapi?

Nimechimba hii kitu wiki kadhaa na nikagundua jambo moja. Majina ya wachongaji yameandikwa. Majina ya sanamu yameandikwa. Ila karibu kila mara kuna mtu mmoja ambaye hajaandikwa popote, na bila yeye hakuna kitu: yule aliyesema, "Haya, njoo ufanyie hapa kwangu." Leo tunamtafuta huyo.

Tulivyozoea kuona sanamu zikishuka kwenye meli

Tuanze na ile ambayo kila aliyefika Dar lazima kaiona: Sanamu ya Askari, pale katikati ya Posta. Yule jamaa wa bronzi aliyeshika bunduki yenye singe. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ilimiminwa London, na kabla ya kupakiwa kuja huku ilionyeshwa kwanza kwenye taasisi ya Royal Academy. Yaani wazungu waliiona kabla yetu, halafu ndiyo ikaja kusimama Dar.

Unaona tatizo? Kwa karibu miaka 100 tumekuwa tukipita pale, na bila mtu kutuambia tukajifunza somo moja: sanamu kubwa ni kitu kinachotengenezwa mbali, kwenye karakana yenye paa refu na mashine za kunyanyua, kisha kinaletwa. Sisi kazi yetu ni kukizunguka na magari.

Hata juzi tu, Februari 2024, pale makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere. Mtoto wa Butiama kabisa, hapa hapa jirani. Sisi watu wa Mara tulijisikia raha, na ni haki yetu. Ila niambie, ni vijana wangapi wa Musoma walioiona ile picha wakawaza, "Na mimi naweza kufanya kitu cha ukubwa ule"? Wengi tuliwaza tu, "Ile lazima ilitoka kiwandani."

Sasa twende kule ambako hakukuwa na kiwanda.

Kampala, 1937: chuo kilichoanzia kibarazani

Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa Kampala. Mume wake alikuwa daktari. Alianza bila jengo, bila studio. Darasa lake la kwanza lilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kibaraza! Pale ambapo watu wengine wangeweka viti vya kunywea chai, yeye aliweka wanafunzi. Darasa hilo ndilo lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ile ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Sasa sikia mlolongo. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa Namirembe, Kampala. Mwaka 1939 zikaonyeshwa London, kwenye jengo la Imperial Institute. Kutoka kibarazani mpaka London ni miaka 2. Si mchezo.

Miongoni mwa vijana waliopita kwa Trowell alikuwemo Gregory Maloba, kutoka Kenya. Mwaka 1941, bado kijana, alichonga mti akatoa sanamu aliyoiita Kifo. Watu wanaofuatilia historia ya sanaa ya Afrika Mashariki wanaitaja mpaka leo. Baadaye akaenda kusoma Uingereza, akarudi Makerere kufundisha.

Halafu ukafika mwaka 1962, Uganda inapata uhuru. Inatakiwa sanamu ya kumbukumbu, kubwa, ya kusimama katikati ya jiji. Kazi akapewa Maloba. Ile unayoiona kwenye noti za Uganda, mwanamke aliyezungushiwa vitambaa mwili mzima akimnyanyua mtoto juu, na mtoto kanyoosha mikono mbinguni, ndiyo hiyo. Urefu wake unapita mita 5. Hiyo ni kama nyumba ya kawaida hapa mtaani na paa lake, na bado.

Kuna miaka 25 tu kati ya kibaraza cha mama Trowell na mnara wa mita 5 wa Maloba. Askari wa Dar alikuja na meli, ila mama wa Kampala alitoka kwenye mikono iliyofundishwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Wengine watasema, "Sasa bwana, Trowell si alikuwa mzungu, alikuwa na nyumba nzuri." Sawa, nakubali. Alikuwa pia na mawazo yake kuhusu Mwafrika achore nini na asichore nini, na wasomi wanabishana naye hadi kesho. Mimi nakamata kitu kimoja tu: alikuwa na kibaraza na akakiazima. Wenye vibaraza walikuwa wengi Kampala mwaka 1937. Wengi walinywea chai.

Wamakonde na kivuli cha mti

Turudi kwetu Tanzania. Hakuna watu waliochonga vitu virefu bila karakana kama Wamakonde. Wengi walivuka kutoka Msumbiji, wakafanya kazi mashamba ya mkonge, na huku wanachonga. Karakana yao ilikuwa kivuli cha mti. Unakaa chini, gogo unalibana kwa miguu, tezo mkononi. Ukimaliza unainuka na kufagia vipande.

Anayetajwa kuanzisha ule mtindo wa Ujamaa ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyeingia nchini kutoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Ule mtindo unaujua hata kama hujui jina: nguzo ya mpingo, watu juu ya watu, huyu kamkanyaga huyu begani, yule kamshika mwenzake mguu, mpaka juu kabisa. Nyingine zinafika urefu wa mtu mzima na kuzidi.

Umewahi kujiuliza kwa nini ni nguzo? Kwa nini siyo kitu kipana kama meza? Jibu lipo kwenye mti wenyewe. Mpingo unakua taratibu mno, miongo na miongo, na shina lake haliwi nene sana kama mvule. Ni mzito mpaka ukiutupa majini unazama. Sasa gogo jembamba na refu ukitaka kulijaza watu, njia ni moja tu: panda juu. Halafu kwenye nguzo watu 20 wanakaa kwenye nafasi ya mguu mmoja wa sakafu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu. Nafasi ikiwa ndogo, haiuwi sanamu. Inaibadilisha umbo.

New York: mama aliyepanda juu ya paa

Tutoke kidogo nje ya bara halafu tutarudi, maana hii lazima niwape. Louise Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911, akahamia New York mwaka 1938 na mume wake. Wakapata watoto, wakakaa kwenye gorofa la kupanga. Ndani hakuna nafasi ya kuchonga chochote. Alifanya nini? Akapanda juu ya paa la jengo.

Miaka ya 1940, juu ya lile paa, alichonga fito ndefu za mbao, zimesimama wima kama watu. Nyembamba. Nyingine za mbao nyepesi sana. Fikiria kwa nini nyembamba: kitu cha kupandisha na kushusha ngazi za gorofa hakiwezi kuwa tembo. Mwaka 1949 alizionyesha, na hakuziweka kwenye meza. Alizisimamisha moja kwa moja sakafuni, watu wakapita katikati yake kama wanapita kwenye umati.

Sasa mwaka 1980, akiwa anakaribia miaka 70, ndiyo akapata studio kubwa kweli, jengo lililowahi kuwa kiwanda cha nguo huko Brooklyn. Kazi zake zikalipuka ukubwa. Mwaka 1999 akatoa ule buibui wa chuma, urefu wake unapita mita 9, na mwaka 2000 ukasimama ndani ya jumba la Tate Modern, London, lilipofunguliwa. Mwanamke wa karibu miaka 90, buibui wa mita 9.

Umeona? Ukubwa ulikuwa ndani yake muda wote. Paa lilimpa fito. Kiwanda kilimpa buibui.

Dada wawili wa Kenya, na miaka iliyopotea

Hapa sasa ndipo panaponiuma.

Rosemary Karuga alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928. Kati ya mwaka 1950 na 1952 alisoma sanaa Makerere, mwanamke wa kwanza kwenye shule ile. Alisomea pia uchongaji. Alipomaliza alirudi nyumbani, akaolewa, akalea, akafundisha shule. Uchongaji ukalala. Muda gani? Miongo zaidi ya 3. Miaka ya mwisho ya 1980, akiwa anakaribia miaka 60, ndiyo akarudi kwenye sanaa. Na hakurudi na patasi. Vifaa hakuwa navyo, pesa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni karatasi za vifungashio, maganda ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga. Akazichana vipande vidogo vidogo, akabandika, zikatoka picha za wanawake, kuku, mbuzi, maisha ya kijijini. Ni nzuri mpaka unajiuliza rangi alizipata wapi. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa New York, Harlem. Alifariki mwaka 2021.

Tunampongeza, ndiyo. Tunasema alikuwa mbunifu, alitumia alichonacho. Ila mimi najiuliza upande wa pili: zile sanamu za udongo na mti ambazo Bi Karuga angefanya kuanzia mwaka 1953 mpaka 1987 ziko wapi? Haziko. Hakuna mtu wa kumwambia, "Mama Karuga, nyuma ya ghala langu pana nafasi."

Wa pili ni Wangechi Mutu. Huyu wengi mnamjua. Kazaliwa Nairobi mwaka 1972, kasoma uchongaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza mwaka 2000. Amehitimu sanamu, lakini ukishatoka chuoni studio ya chuo siyo yako tena. Akajikuta New York kwenye nafasi ndogo, na kazi iliyomtoa duniani ikawa ya karatasi: kolagi, vipande vya magazeti na rangi. Karatasi inakaa mezani. Karatasi unaiviringisha unaiweka nyuma ya mlango.

Mwaka 2019 jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, New York, likamwita. Mbele ya jumba lile kuna vishubaka vinne ukutani, vilitengenezwa kwa ajili ya sanamu tangu jengo lilipokamilika mwaka 1902, na havijawahi kuwekwa kitu. Miaka 117 vitupu! Mutu akaweka wanawake wanne wa bronzi wameketi, kila mmoja kama urefu wa mlango. Wanafanana na wale wanawake wa kwenye viti vya machifu wa Kiafrika, waliochongwa wakibeba uzito wa mkubwa kichwani. Ila hawa wa Mutu hawabebi mtu yeyote. Wameketi tu, wanakutazama.

Kumbe duniani kuna mabibi na mabwana wenye vishubaka vitupu kwa miaka 117, na wakati huo huo kuna wachongaji wanachana magazeti kwa kukosa pa kusimamia. Nafasi haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha.

Shuka la vizibo, na jiwe la jirani zetu

Wapo walioshinda kwa akili ya kubeba. El Anatsui, Mghana aliyefundisha chuo kikuu Nsukka, Nigeria, miaka mingi, aliokota vizibo vya chupa za pombe kwenye miaka ya mwisho ya 1990. Akavipondaponda, akavitoboa, akaviunga kwa waya mwembamba wa shaba, kipande kwa kipande, na vijana wengi wakimsaidia. Kinachotoka ni kama shuka la chuma. Mwaka 2007 yalitundikwa Venice, Italia, na mwaka 2023 yakajaza lile lile jumba la Tate Modern aliposimama buibui. Siri yake? Shuka linakunjwa. Kazi ya ukubwa wa ukuta wa kanisa unaikunja unaiweka kwenye sanduku. Ikifika unaikunjua, na kila ukutani inakaa tofauti.

Na kama mnasema hayo ya mbali, haya twendeni jirani. Ukitoka Musoma ukapita Tarime, ukavuka Sirari, ukapita Migori, unafika Kisii. Pale Tabaka watu wanachimba jiwe laini ambalo dunia nzima inaliita jiwe la Kisii. Linachongwa nje, uani, kwa panga na kisu, wakati wa kulisugua linamwagiwa maji. Kutoka huko ametokea Elkana Ong'esa, aliyesoma Makerere na baadaye McGill, Kanada. Ndege wake wa amani wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Uani Tabaka, Paris. Hakuna kiwanda hapo katikati.

Kwa hiyo ukizikusanya hizi stori zote, mbinu za watu wenye nafasi ndogo ni zile zile: panda juu kama mpingo, fanya vipande uje uvifunge, tumia kinachokunjika, au toka nje. Hakuna uchawi.

Ila kuna sehemu ambayo mbinu haisaidii. Ni kuonyesha.

Maktaba iliyokubali kubeba maumivu

Mchoro unaweza kuuonyesha kwenye simu. Wimbo pia. Sanamu kubwa ukiionyesha kwenye simu inakuwa ndogo, inakuwa kama kinyago cha kwenye kabati. Ukubwa wake ndiyo ujumbe wake. Lazima mtu asimame mbele yake ajisikie mdogo au ajisikie anatazamwa.

Francis Nnaggenda wa Uganda alilijua hilo. Miaka ya 1980, nchi yake ikiwa inatoka vita inaingia vita, alichukua gogo zima la mti akachonga mtu aliyekatwakatwa na vita. Mikono hana, mguu mmoja, lakini kasimama. Anaitwa Majeruhi wa Vita. Unajua yuko wapi? Kwenye maktaba kuu ya Makerere. Mwanafunzi anaenda kuazima kitabu cha hesabu, anakutana na yule mtu. Hawezi kumkwepa.

Fikiria maktaba ile ingekataa. Ingesema, "Hapa ni mahali pa vitabu, peleka makumbusho." Wanafunzi wa zaidi ya miaka 30 wasingekutana naye. Nani alisema ndiyo siku ile? Jina lake simjui, na naamini wengi wanaopita pale hawamjui. Ndiyo huyo huyo tunayemtafuta tangu mwanzo.

Sasa turudi Mukendo

Hapa kwetu Mukendo kuna dada mmoja anasoma sanaa chuo kikuu. Jina sitaji, kaniomba. Chuo chake pia sitaji. Yuko mwaka wa mwisho na anatakiwa awasilishe kazi moja kubwa. Amechagua kutengeneza mama muuza dagaa, kasimama, beseni kichwani, urefu mita 2.6. Nilipomuuliza kwa nini asifanye mdogo, akanijibu, "Hao akina mama kila siku tunawatazama kwa chini, wameketi na beseni mbele yao. Mimi nataka watu wamtazame kwa juu."

Nikanyamaza.

Kapanga chumba kimoja. Mlango wa futi 7 haufiki hata mita 2.2. Kwa hiyo kaigawa sanamu mara tatu: sketi na miguu, kiwiliwili, halafu kichwa na beseni. Ndani ni nondo, juu yake waya wa kuku, juu yake saruji nyembamba, katikati wazi ili watu wanne waweze kunyanyua kipande kimoja. Vitafungwa kwa bolti. Kabla ya yote alitengeneza mfano wa udongo wa urefu wa chupa ya soda, huo ndiyo unaokaa juu ya kabati lake, anaupimia kila kitu: sentimita moja ya udongo ni sentimita 10 za saruji.

Alianza nje ya chumba, kwenye korido. Mwenye nyumba akaja juu, vumbi na kelele, na wapangaji wengine wana watoto. Sitaki kumlaumu, hata mimi ningekuwa na mtoto kalala ningeongea. Ndiyo akamwendea fundi mmoja wa mageti hapo barabarani. Fundi akamwambia, "Mdogo wangu, mimi nafunga saa 12 jioni. Baada ya hapo uwanja ni wako, umeme wa kuchomelea tutaelewana." Makubaliano yao nimeyapenda: yeye anamchorea fundi maua na ndege wa kwenye mageti, fundi anampa uwanja. Ukipita Mukendo ukaona geti lina kongoti kakunja shingo, jua limetoka wapi.

Kwa hiyo huyo fundi ndiye mama Trowell wa hapa kwetu. Ndiye paa la Bourgeois. Na kama historia ikiendelea na tabia yake, jina lake halitaandikwa.

Shida ni hii. Kile kiwanja kimeuzwa. Fundi anahama mwisho wa mwezi huu, na anakohamia ni kafremu tu, hana hata pa kuweka mageti yake mwenyewe. Sketi na miguu imekamilika. Kiwiliwili kimepakwa saruji juzi, na saruji unaijua, lazima uimwagilie maji kama wiki nzima la sivyo inapasuka. Kichwa bado ni nondo. Na beseni bado ni wazo.

Nimemuuliza atafanyaje akikosa. Akasema anaweza kupeleka ule mfano mdogo wa udongo na picha. Watampa maksi. "Nitafaulu tu," akasema. Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayekubali kitu asichokitaka.

Hapo nikamkumbuka Bi Karuga. Hakuna siku moja ambayo mtu alimwambia aache kuchonga. Nadhani ilikuwa hivi hivi, kidogo kidogo. Wiki hii hakuna nafasi. Mwezi ujao labda. Watoto wanakua. Mara miaka 30.

Hata Musoma, ukitembea kutoka Mukendo kushuka Mwigobero, hesabu nafasi tupu unazopita. Maghala yaliyofungwa. Viwanja vyenye ukuta na nyasi. Viwanja vya shule wakati wa likizo. Vibaraza vya majengo ya zamani ambapo wanalala mbuzi. Sisi siyo mji wa kukosa mita tatu kwa tatu.

Na ya kuonyesha je? Huyo mama wa saruji akikamilika, mimi ningetamani asimame mwaloni siku moja tu, asubuhi, boti zikiingia, akina mama wenye mabeseni wapite chini yake. Nataka kuona nyuso zao. Nadhani hata walimu wake wakija kuona picha ya siku hiyo wataelewa kwa nini mita 2.6.

Basi wadau, leo sitawaambia mlaiki wala mshee. Kama una uwanja, ghala, uani, banda, hata nyuma ya gereji, hapa Musoma mjini, andika hapo chini kwenye maoni nami nitawaunganisha. Vipimo ni hivi: mita 3 kwa 3, kivuli kidogo kwa ajili ya saruji, maji karibu, wiki 5. Mlango usikutie wasiwasi, anakuja vipande vitatu kwenye guta. Kelele ni za jioni, na kama una geti anakuchorea ndege.

Na ukipenda, jina lako nitaliandika.